Kisu cha Mkono wa Kushoto

Kalundu, Uvira

Kwa jina la Mungu aliye hai, aliyelilaza ziwa hili kati ya milima miwili na kutupa sisi ukingo wake mmoja tuishi juu yake, ninaanza.

Binti yangu mpendwa Furaha,

Amani ikufikie huko Rumonge uliko, ng'ambo ya ziwa, wewe pamoja na mkwe wangu na wajukuu wangu. Mama yako anakusalimu. Goti linamsumbua asubuhi, lakini sauti yake katika kwaya ya akina mama haijapungua hata kidogo, na wanaokaa benchi la mbele wanaweza kushuhudia. Shangazi zako wanakusalimu. Mimi nami ni mzima, isipokuwa bega la kuume, ambalo sasa likivuta kamba ya nanga linaniambia wazi kwamba limefanya kazi yake na linaomba ruhusa.

Ujumbe wako wa sauti ulifika katika simu ya Zakaria, mwana wa dada yangu. Ulisema: "Papa, muachie Zakaria hiyo boti. Minye siko na nguvu ya kupigana na watu wa mwalo. Niko muzuri huku." Niliusikiliza hadi mwisho, nikamrudishia Zakaria simu yake, nikavaa koti, nikaenda sokoni kununua kisu.

Hilo ndilo jibu langu fupi. Jibu refu ni barua hii. Ninaiandika ikiwa wazi, na nikiimaliza nitaisoma kwa sauti pale mwaloni, mahali boti zetu zinapopandishwa mchangani, kabla ya kuikabidhi kwa msafiri atakayekuletea. Sitaki mtu aseme kwamba mzee alinong'ona.

Wewe unaijua desturi yetu. Lakini wapo watakaosikia maneno haya ambao wamefika mwaloni majuzi tu, wakitokea Lubarika na Bwegera na milimani, kwa hiyo naieleza. Nahodha akichoka hatoi hotuba. Ananunua kisu kipya cha kukunja, anakiweka juu ya benchi la mbele la boti watu wa mwalo wakitazama, na yule anayekiokota ndiye nahodha. Hakipokelewi mkono kwa mkono, wala aliyekiweka hawezi kukitwaa tena. Kile cha zamani kinabaki na mzee, akatie kucha zake. Na kile kipya kikivunjika kabla ya mwaka kwisha, watu hawamlaumu fundi aliyekitengeneza huko mbali. Wanasema mzee hakutoa kwa moyo. Ndiyo maana mpita njia hununua kisu akiwa anaendelea na safari yake, lakini nahodha anayeondoka hukichagua kama mtu anayechagua shahidi wa kesi yake.

Tena ni cha kukunja, si cha kuvaa kiunoni. Ndani ya boti yetu watu huketi juu ya magunia, magoti yamegusana, akina mama wamebeba watoto. Wimbi likiitupa boti, kisu kilicho wazi kinatafuta nyama. Na siku hizi, kwenye vizuizi vya barabarani, kisu cha kiunoni kinaitwa silaha, na mwenye nacho anaitwa jina lingine. Kilichokunjwa mfukoni bado kinaitwa kifaa cha kazi.

Sasa nikukumbushe mambo ambayo wewe umeyasahau kwa unyenyekevu, na ambayo wengine wameyasahau kwa makusudi.

Ulizaliwa na mkono wa kushoto wenye akili. Bado hujajua kutembea sawasawa, ulikuwa ukikipokea kijiko kwa mkono huo, na nyanya yako, Mungu amrehemu, akaufunga kwa kipande cha kitenge. "Mukono huu utatuletea haya mbele ya wageni," alisema. Mimi niliufungua. Yeye akaufunga. Nikaufungua tena. Tuliendelea hivyo msimu mzima wa mvua, mama na mwana, kila mmoja akimheshimu mwenzake na kila mmoja akikataa, mpaka tukaafikiana kama majirani wanaogombea mpaka wa shamba: mezani na kwa salamu utatumia wa kuume, kazini utatumia ule ambao Mungu aliutia nguvu. Na kazi yako ilikuwa boti. Sikujaliwa mtoto mwingine, na sikuona sababu ya kutafuta mtu wa kufunga kamba wakati nyumbani kwangu palikuwa na mtoto ambaye fundo lake halikuwahi kufunguka bila ruhusa yake.

Unaikumbuka siku ya Swima. Ilikuwa kiangazi, upepo wa kusini umeamka mapema, nasi tumetoka Baraka tukiwa tumejaa: mihogo mikavu, madumu ya mawese, mbuzi wachache, akina mama wafanyabiashara, na kapita wetu wa mwalo, yaani msimamizi wa ufuko huu, ameketi juu ya dumu kama juu ya kiti cha enzi. Mbele ya Swima tukapita juu ya wavu uliotupwa. Ukajizungusha kwenye propela, moteri ikakohoa, ikanyamaza. Mawimbi yakaanza kutusukuma kwenye miamba, bila haraka, kama mtu anayejua kwamba hutakimbia.

Nilitoa kisu changu. Kilikuwa kizuri, cha mpini wa mti, na mti ulikuwa umelowa tangu alfajiri. Ukavimba, ukaling'ang'ania bapa la kisu ndani yake. Nilijaribu kwa kucha, nikajaribu kwa meno. Zakaria akajaribu. Kisu kilikuwa mkononi mwetu nasi hatukuwa na kisu.

Wewe ulimgeukia Mama Sifa, mmoja wa wale wafanyabiashara, ambaye alikuwa akimenya nanasi, ukakichukua kisu chake bila kuomba, ukajilaza juu ya ubao wa nyuma. Nilikushika mkono. Nakumbuka ulivyonitazama.

"Papa, nishike mukanda," ulisema. "Mukono usiushike, niko nautumia."

Kapita akasimama. "Mwanamuke ndani ya maji ya moteri? Uyu atatuua sisi wote leo."

"Kapita, kama unataka kufa, kaa chini ufe polepole," Mama Sifa alimwambia. "Unatikisa boti."

Nilikushika mkanda. Kichwa chako kiliingia majini, kikatoka, kikaingia tena, na kila ulipotoka ulitupa kipande cha wavu nyuma yako bila kuangalia kinaangukia wapi. Kile kisu cha nanasi kilikuwa cha kukunja, lakini hakikuwa na komeo la kuzuia bapa. Ulipokisukuma kwa ncha kilijikunja juu ya vidole vyako. Niliiona damu ndani ya maji. Ulikifungua upya ukaendelea. Tulikuwa karibu na miamba kiasi cha kuona konokono walioshikamana nayo wakati ulipomwambia Zakaria: "Vuta." Akaivuta kamba ya moteri, ikawaka.

Tulipofika Makobola kapita alishuka wa kwanza, akawatangazia watu wa ufukoni kwamba moteri ilifufuliwa kwa maombi. Sikumbishia siku ile, kwa kuwa niliomba kweli, na ninaamini nilisikiwa. Leo naongeza sehemu aliyoiacha. Mungu alijibu kwa mkono, na mkono ule ulikuwa wa kushoto, na ulikuwa wa binti yangu.

Basi nilikwenda sokoni nikiwa na Swima kichwani. Muuzaji wa vyuma ni kijana wa maneno mengi, mwenye meza iliyojaa minyororo, kufuli na visu vinavyong'aa. Alinipa kwanza kile kinachong'aa kuliko vyote.

"Mzee, hiki iko cha Bulaya. Hakishike kutu hata mu bahari ya chumvi."

"Ulishaonja ziwa letu?" nilimwuliza. "Lina chumvi?"

Akacheka. Lakini ndivyo tunavyouziwa, Furaha. Watu wa huku hununua kinga ya bahari ambayo hawataiona maishani, na habari za maadui wetu wa kila siku hawaziulizi. Chuma chetu hakiuawi na chumvi. Kinauawa na mchanga, na mawese, na magamba ya ndagala, dagaa wetu, yanayoingia kwenye bawaba na kukaukia humo. Nikamwomba ndoo ya maji na mchanga kidogo.

"Ya kufanya nini?"

"Ya kuviuliza visu vyako maswali."

Alileta. Watu wakaanza kusimama, kama mnavyojua watu wa soko. Nilivitumbukiza visu vyake kimoja baada ya kingine, nikivifungua na kuvikunja ndani ya maji yenye mchanga, vidole nimevipaka mawese ya jirani yake anayeyauza kwa chupa. Kimoja kilikuwa na taa ndogo kichwani na kifungulio cha chupa kiunoni. Bawaba yake ilianza kusaga mchanga kama mtu anayekula mchele usiochaguliwa. Kingine kilikuwa cha mpini wa mti mwekundu wenye pete ya kukaza, na sitasema uongo, moyo wangu ulikipenda. Nilikiacha ndani ya ndoo, nikaenda kumsalimu mgonjwa mmoja nyuma ya soko. Niliporudi hakikufunguka.

"Kitakauka tu, mzee."

"Kijana, mawimbi hayangoji kitu kikauke."

"Sasa weye mzee," alisema, na sasa alikuwa akiongea ili watu wasikie, "uko nanunua kisu ao uko nachagua bibi?"

"Bibi nilimchagua haraka kuliko hivi," nilimjibu. "Na hajavunjika."

Walicheka mpaka yule wa mawese akaketi. Baada ya hapo kijana aliacha kunionyesha vinavyong'aa, akainama chini ya meza na kutoa boksi lingine.

Kilichotoka humo ndicho nilichokununulia. Mpini wake ni wa plastiki ngumu iliyokwaruzwa ili isiteleze, na rangi yake ni ya chungwa, jambo ambalo kijana aliliomba radhi, akidhani mzee atataka nyeusi. Mimi niliishukuru rangi hiyo. Kisu cheusi kikiangukia kwenye maji machafu ya tumbo la boti kimekwenda, hiki utakiona. Bapa ni fupi na nene mgongoni. Ncha yake imekatwa kama ukwato wa mbuzi, kwa hiyo hata wimbi likikurusha juu ya abiria haimchomi mtu. Karibu na mpini kuna meno machache kama ya msumeno, kwa ajili ya zile kamba za nailoni ambazo makali ya kawaida huteleza juu yake. Niliukandamiza mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza kwa uzito wangu wote. Vingine vilikuwa vimeinama mbele yangu kama watu wanaotoa salamu. Hiki hakikusogea. Komeo lake ni kipande cha chuma kinene, na bawaba yake imekazwa kwa skurubu, si kwa msumari uliopondwa, kwa hiyo inafunguliwa, inaoshwa, inarudishwa. Nikakinoa kidogo kwa jiwe nililokuja nalo mfukoni, jiwe la ziwa, kwa sababu chuma kigumu kinacholikataa jiwe la huku hakitatufaa. Hatuna jiwe lingine. Kilikubali.

Kisha nikakifungua kwa mkono wa kushoto. Hapo ndipo vingi vilikuwa vimeshindwa, kwa sababu vimetengenezwa kana kwamba Mungu aliumba dole gumba moja tu. Hiki kina tundu pana kwenye bapa, na dole gumba la upande wowote linakifungua, hata mkono mwingine ukiwa umeshika boti.

"Juu ya nini unafungulia na kushoto, mzee? Mukono wa kuume uko mugonjwa?"

"Bega linauma. Lakini kisu si changu. Ni cha binti yangu."

"Ni cha kukata mboga?"

"Ni cha nahodha."

Alinitazama, akawatazama watu. Kisha alichukua bisibisi yake, akafungua kibanio cha mfukoni ambacho kilikuwa upande wa kuume, akakihamishia upande wa kushoto, akakaza. 

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Baada ya ibada ya Jumapili wazee wawili wa kanisa, wenzangu ambao tumetumika pamoja kwa miaka mingi, walikuja kuketi nami. Tuliomba, tukanywa chai, tukauliziana habari za watoto. Kisha mmoja akasema kwa upole: "Mzee mwenzetu, mwanamke, na mkono wa kushoto, vyote viwili ndani ya boti moja? Angalau ungechagua kimoja."

Niliwaomba wanionyeshe mahali ambapo Mungu ameuweka mpaka huo. Mimi nami nilikaa miaka katika shule ya Neno, na kama ningeuona nisingeuvuka. Walinionyesha desturi. Nikawaambia kwamba desturi ni jirani mwema, inatuazima moto na chumvi, lakini si mwenye nyumba. Nikawaambia pia kwamba aliyeumba mkono wa kuume hakwenda kupumzika kabla ya kuumba wa kushoto. Mmoja wao alitabasamu kidogo, kisha akakumbuka alichotumwa, akaacha. Tuliagana kwa amani. Hawakunishawishi, wala mimi sikuwashawishi, na Jumapili iliyofuata tulishirikiana meza moja ya Bwana, kama inavyopasa.

Jumatatu asubuhi niliwaita watu wa mwalo. Boti ilikuwa imepandishwa juu, kwenye ule mchanga mpya ambao ziwa limetuachia baada ya kula barabara ya zamani. Niliomba. Nikapanda, nikakiweka kisu juu ya benchi la mbele kikiwa kimekunjwa, nikashuka.

Kapita alikohoa. "Mzee, tunakuheshimu. Ila mwenye kukiokota hayuko. Kisu bila mukono ni chuma tu. Zakaria, mwana wa dada, panda, okota, twende kazini."

Furaha, sitakuficha. Kwa muda huo sikujua Zakaria angefanya nini. Ni mwanamume mwenye watoto wanne, amefanya kazi katika boti hiyo kama wewe, na mkono wake ungeweza kumaliza neno lote mbele ya macho yangu, nami desturi ingenifunga mdomo. Alipanda. Aliinama juu ya benchi. Alikaa ameinama hivyo kwa muda, kisha akasimama wima mikono yake ikiwa mitupu.

"Kapita," alisema, "minye siko wa kushoto."

Watu wakacheka. Kapita hakucheka. "Kisu hakijue mukono."

"Hiki kinajua. Angalia kibanio." Akashuka, akapangusa mchanga kwenye suruali. "Na minye najua. Nilikuwa Swima. Na weye pia ulikuwa Swima, kapita."

 Kisha kapita akatamka neno ambalo nadhani alikuja nalo tayari: "Basi hakuna bega la mwalo huu litakalosukuma hii boti."

Wewe unajua maana yake. Boti yenye uzito ule haitoki mchangani kwa watu wawili. Huku kwetu boti ni ya mwenyewe ikiwa majini, lakini ikiwa nchi kavu ni ya mabega ya watu. Walinitazama wote kuona kama nitakiokota kisu changu kinyume cha desturi na kuomba radhi.

"Basi ikae," nilisema.

Nayo imekaa. Kisu kiko juu ya benchi hadi ninapoandika mstari huu, na usiku hakuna anayekilinda, kwa kuwa anayekiokota anaokota na unahodha, na sijamsikia mwizi anayetamani kuwa nahodha wa boti iliyokwama. Kila asubuhi baada ya sala ninakwenda, ninaketi kwenye ukingo wa boti, ninasoma Neno, ninawasalimu wapitao. Wengine hunisalimu. Wengine hutazama ziwa kana kwamba limefanya jambo jipya. Mama yako ananiambia kwamba ninazeeka vibaya. Ninamwambia kwamba sijawahi kuzeeka kabla ya sasa, na kwamba ninajitahidi.

Lakini mizigo haikuacha kuja. Mawese na mihogo yanarundikana, boti nyingine za mwalo huu ni ndogo, na akina mama hawana tabia ya kupeleka malalamiko yao kwa anayesoma Neno. Wanayapeleka kwa kapita. Wamemzungushia madumu mlangoni mwa kibanda chake hata inambidi kuinua mguu ili aingie. Nilimsikia Mama Sifa kwa masikio yangu: "Kapita, mawese yangu haiogope mwanamuke. Iko naogopa jua tu."

Jana, Furaha, kapita alikuja. Aliketi kwenye ukingo wa boti, mbali nami kidogo, akilitazama ziwa. Sisi wawili tumefahamiana tangu tukiwa wavulana wa kuogelea bila nguo.

"Binti yako anakuja siku gani?" aliuliza.

"Umekubali?"

"Sijasema nimekubali. Nimeuliza siku."

"Nitamwuliza," nilimwambia.

Kwa hiyo ninakuuliza.

Unasema huna nguvu ya kupigana na watu wa mwalo. Hakuna aliyekuomba kupigana. Vita hiyo nimeipigana mimi, nikiwa nimeketi, na imenichosha mgongo tu. Unachoombwa ni kuvuka, kupanda, na kuinama. Najua ulikimbilia huko kwa ajili ya milio ya bunduki, ukiwa na watoto mgongoni, na sikuiti ili nikurudishe katika hofu. Ukiona njia ya mpakani bado inakutetemesha, ngoja mpaka moyo utulie. Boti haitaoza, nimeifunika. Mimi nami sitasogea. Lakini usiniambie kwamba uko muzuri huko. Nilikulea. Najua sauti yako ikiwa nzuri, na ile ya kwenye simu haikuwa yenyewe.

Mkwe wangu usimfanye sababu. Niliongea naye kwa simu ya Zakaria, naye akanijibu kama mwana wa Bwegera anavyopaswa kujibu: "Baba, minye ni mutu wa mupunga. Maji yangu inafika mu magoti. Ya kupita hapo ni ya Furaha." Nilimheshimu siku zote, tangu siku hiyo ninamheshimu zaidi.

Ukishakipata kisu, usitie mawese kwenye bawaba. Ndilo kosa letu sisi watu wa pwani hii, tunapaka mawese kila kitu kinacholia. Asubuhi za kiangazi mawese yanaganda kama uji, yanakamata mchanga, na siku ya shida kisu kinakuwa jiwe. Kioshe ziwani, kikaushe juani, tone moja la mafuta ya cherehani linatosha. Na kikivunjika mwaka wa kwanza, waache waseme wanachosema juu yangu. Wewe utajua, na mimi nitajua, na aliye juu anajua, kama nilitoa kwa moyo ama sikutoa.

Mungu aliyekutoa majini ukiwa hai akutangulie njiani. Ailinde nyumba yako huko ugenini mpaka iwe tena nyumba yako huku. Awape watoto wako usingizi usio na milio, ampe mume wako mavuno, akupe wewe uso usioinama mbele ya mtu. Na ninyi nyote mnaosikiliza barua hii mkiwa mmesimama mchangani, pamoja na wale waliogoma kusukuma, awabariki ninyi na milango yenu na vyungu vyenu, na awatie nguvu mabegani, kwa kuwa siku ikitajwa zitahitajika.

Ni mimi ninayekungoja,

Baba yako